Kalamu ya Mbao na Kidole Gumba cha Babu

Dada yangu alipata kazi ya ualimu mwaka huu, na mimi kama kaka mkubwa nikaamua lazima nimpe zawadi ya maana. Si leso, si kikombe chenye picha yake. Nikaona mtandaoni kalamu ya mbao, "imetengenezwa kwa mkono," jina linachorwa kwa leza, inakuja kwa kisanduku chenye kitambaa cheusi ndani. Nikalipa 1,800, na 250 za boda juu yake. Ilipofika nilijisikia mtu mzima.

Siku ya tatu vanishi ikaanza kubambuka. Siku ya tano kalamu ikaachana katikati, dada akiwa mbele ya darasa la watoto 52. Alinipigia jioni akasema "si neno, asante tu," kwa ile sauti mnaijua. Nilipoichukua nikakuta chini ya ile pete ya chuma kuna karatasi ndogo ya kiwanda cha ng'ambo. Kwa hivyo huo mkono ulioitengeneza ni mkono wa mtu aliyebonyeza kitufe cha kuchora jina. Sitamtaja muuzaji, maana wako wengi na wote wanauza kitu kimoja.

Hasira ikanipeleka Gikomba. Kuna fundi pale anakereza miguu ya vitanda, michi, na zile nguzo za ngazi za watu wenye nyumba za ghorofa. Nikamuuliza kama anaweza kunisaidia kutengeneza kalamu. Hakukataa. Aliuliza kitu kimoja tu: "Unataka mti gani, kijana?"

Nikasema wowote, bora uwe mweusi, upendeze.

Akacheka mpaka akazima mashine. "Mweusi ni mpingo. Na wewe unajua huo mti umekaa miaka mingapi ndio ukuje hapa uwe kalamu?"

Sikujua. Ndio maana mnasoma hii post badala ya ile niliyowaahidi ya bei za nyumba.

Tuanze na neno lenyewe. Kalamu tumelitoa kwa Kiarabu, na Waarabu walilipata kwa Wagiriki, ambao waliita *kalamos* lile tete linaloota kando ya maji. Yaani kabla kalamu iwe plastiki, chuma au mbao, ilikuwa mmea. Mwandishi wa Pate au Lamu alikuwa anachukua tete kavu, analikata mshazari kwa kisu kikali, anapasua ncha kidogo wino ushuke, anaanza kazi. Ikichakaa anachonga tena. Kalamu yake alijitengenezea mwenyewe, kila siku, bila kumwita mtu yeyote msanii.

Na hawa watu waliandika, buda. Utendi wa Tambuka uliandikwa Pate mwaka 1728. Siyu, kile kijiji ambacho leo mtalii anapita kwa nusu saa kuona ngome, kilikuwa kinajulikana kwa misahafu iliyonakiliwa na kupambwa kwa mkono. Mwaka 1858 Mwana Kupona, mjane wa Bwana Mataka aliyekuwa kiongozi wa Siyu, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utendi mrefu wa mawaidha. Na mwanzoni kabisa kitu anachomwambia mtoto ni asogee, alete wino na karatasi. Hiyo nayo ilikuwa zawadi, ya mama kwa binti, na ilihitaji kalamu ndio ifike kwetu. Nairobi wakati huo ilikuwa maji baridi na ng'ombe wa Wamaasai. Reli imefika hapa 1899.

Kwa hivyo mtu akikwambia kalamu ililetwa na mmishenari, muulize anaongelea kalamu gani.

Kuna neno lingine nililipenda zaidi: kukereza. Ni kuzungusha mbao kwenye keezo huku patasi ikiila, mpaka inakuwa duara, inapata viuno na pete. Keezo la zamani halikuwa na moto wa stima. Fundi alikaa chini, mkono mmoja unavuta upinde uliozungushiwa kamba kwenye mbao, patasi ikaongozwa na mkono wa pili na kidole cha mguu. Ndivyo vilivyotengenezwa vile vitanda vya kukereza vya Lamu na Siyu, miguu imepakwa rangi nyekundu na nyeusi, unaviona makumbusho ukishangaa. Fundi wangu wa Gikomba, ambaye hajawahi kufika Lamu, analitumia hilo neno kama kawaida. Nilipomwambia ni la zamani sana alinitazama kama nimemwambia maji ni ya zamani.

Sasa tuje bara, kwetu. Mimi ni Mkamba wa Wamunyu kwa baba, Mnairobi kwa kila kitu kingine. Na nilikua nikiambiwa kuchonga vinyago ni mila ya Wakamba tangu na tangu. Hii kitu si kweli, na ukweli wenyewe ni mzito kuliko hiyo hadithi.

Wakamba walichonga tangu zamani, ndiyo: viti vya wazee vyenye nakshi za waya, miiko, mizinga ya nyuki. Lakini hawa twiga, vifaru na Wamaasai wenye mikuki unaowaona dukani wana mwanzo unaojulikana. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza 1914, Mwingereza huku na Mjerumani Tanganyika walichukua wanaume wetu kwa maelfu wawabebee mizigo, kwa sababu ng'ombe na farasi walikuwa wanakufa na mbung'o. Kikosi cha wapagazi kiliitwa Carrier Corps. Ulimi wetu ukalifanya Kariokor, na wenzetu Dar wakalifanya Kariakoo. Maelfu kwa maelfu hawakurudi, na wengi hawakuuawa na risasi, waliuawa na kuhara, malaria na njaa.

Mmoja aliyekwenda vitani Tanganyika akarudi ni Mutisya Munge wa Wamunyu. Simulizi inayokubalika kwetu ni kwamba huko alikutana na wachongaji wa Kizaramo, akatazama, akajifunza, akaja nyumbani na ufundi mkononi. Kutoka kwake ukaenda kwa jamaa, kutoka kwa jamaa ukaenda kijiji kizima, na ilipofika 1963 Wakamba walikuwa na ushirika wao wa wachongaji Changamwe, Mombasa, ambao upo hadi leo. Yaani kile ambacho tunauza kama "mila ya kale" kilianza na mpagazi aliyenusurika. Sioni kwa nini tufiche hilo. Ningekuwa nauza kinyago ningeliandika kwenye kibandiko kabisa.

Sasa weka hiyo pembeni ya jambo lingine la miaka ile ile. Sheria ya kusajili wanaume Waafrika ilipitishwa 1915, ikaanza kutekelezwa vita vilipoisha. Kila mwanaume kuanzia miaka 16 akapewa kipande: karatasi yenye alama za vidole vyake na nafasi ya mwajiri kuandika ameanza lini, ameacha lini, analipwa ngapi. Ilikaa ndani ya kidude cha chuma, ikaning'inia shingoni. Wewe unatoa kidole, yeye anashika kalamu. Mwajiri asipotia sahihi kwamba umeachishwa, ukienda kutafuta kazi kwingine wewe ni mtoro na unaweza kufungwa.

Kwa hivyo mtu mmoja anatoka vitani na mikono iliyojifunza kutoa uso wa binadamu ndani ya gogo, na serikali inachotaka kutoka kwa mkono huo ni wino wa kidole gumba.

Babu yangu hakuwa wa vita hivyo, alizaliwa baadaye sana, lakini kidole gumba alikirithi. Alichonga Mombasa miaka mingi, twiga na vifaru vya muhugu. Hakusoma hata siku moja. Chini ya kila kinyago kuliwekwa namba yake, si jina. Mzigo ukichukuliwa, karani wa pale aliandika kwenye kitabu idadi na bei, babu akaweka kidole. Baba anasimulia mwaka mmoja babu alipeleka twiga 24, na siku ya malipo kitabu kikasema 14. Babu alijua ni 24 kwa sababu kila mmoja alikuwa amemshika kwa mikono yake siku mbili tatu. Lakini kitabuni kulikuwa na kidole chake, na kidole hakijui kusoma tarakimu. Akalipwa 14. Baba alikuwa darasa la tano, alikuwa kwenye likizo, na angesoma ile "14" vizuri sana kama angekuwa amesimama pale siku ile. Hajawahi kujisamehe, na ni mambo ya miaka hamsini iliyopita.

Ndio maana kalamu kwetu si kitu cha mchezo. Babu alikuwa akimpa mtoto yeyote wa ukoo anayeingia darasa la nne biro mbili, moja ya bluu na moja nyekundu. Mnakumbuka ile siku ya kuacha penseli? Unaandika kwa nguvu mpaka karatasi inatoboka.

Na hata hiyo penseli ina hadithi yake, nitaipitia haraka. Ule mtarakwa wa milima yetu unanukia na unakatika laini, na Wazungu waliuona ni mti wa penseli. Wakati wa Mjerumani waliukata Shume huko Usambara, wakaushusha bondeni kwa kamba ya waya hadi Mkumbara, treni ikaupeleka Tanga. Kenya nayo ilikata yake ikauza nje. Vibao vikaenda Ulaya, vikarudi vikiwa penseli za kununua. Biro nayo ni jina la mtu: László Bíró, Mhungaria, alisajili kalamu yake ya kiduara mwaka 1938, akahamia Argentina akaiboresha huko. Mwaka 1950 Marcel Bich wa Ufaransa akatoa Bic ya bei ya chini kabisa, na kuanzia hapo kalamu ikawa kitu cha kupoteza. Sijui mtu hata mmoja aliyewahi kumaliza wino wa biro. Inaibwa kwanza.

Na kwa maoni yangu hapo ndipo kalamu ya mbao ilizaliwa upya kama zawadi. Kitu kikishakuwa cha bei ya peremende, ukitaka kumwambia mtu "nimekufikiria" lazima uweke saa zako ndani yake. Marekani na Uingereza kuna watu wengi wanaokereza kalamu gereji wikendi, na Wamarekani wengine wamekuwa wakizitengeneza na kuwatumia wanajeshi walio mbali. Kuna maduka yanauza vifaa tu: mirija ya shaba, ncha, klipu, kila kitu isipokuwa mbao. Mbao unatafuta mwenyewe, na wengi wao wanatafuta mbao za kwetu.

Sasa turudi kwa swali la fundi. Mpingo ni mzito kiasi kwamba ukiutupa majini unazama. Nje una ganda la njano hafifu, ndani mweusi kama usiku wa stima kupotea. Ndio wanaotengenezea klarineti na obo kwa sababu haupindi na sauti yake ni safi. Lakini hauna haraka. Unaweza kuchukua miaka 70 au zaidi kufikia ukubwa wa kukatwa, na mara nyingi umejikunja na una shimo ndani, kwa hivyo sehemu kubwa ya gogo inatupwa. Tangu 2017 jamaa yote ya mipingo iko kwenye orodha ya CITES, ile ya kudhibiti biashara ya kimataifa ya mimea na wanyama walio hatarini. Kalamu ya mpingo inahitaji kipande cha sentimita mbili kwa kumi na tatu tu, kwa hivyo ikitoka kwa mabaki ya karakana sina neno nayo. Tatizo ni kwamba muuzaji wa mtandaoni hawezi kukwambia imetoka wapi. Mara nyingi hata si mpingo. Ni mbao yoyote iliyopakwa kiwi.

Muhugu nao tuliumaliza wenyewe. Ni mti uliowalisha Wakamba kwa vizazi viwili, mgumu, unanukia, unang'aa ukipigwa msasa. Wachongaji waliukata kuliko unavyoota, ikabidi waende mbali zaidi na zaidi kuutafuta. Kuanzia miaka ya 1990 watu wa mazingira wakaanza kuwashawishi wachongaji wahamie muarubaini, mwembe, mukima na jacaranda, miti inayokua haraka na ambayo watu wanapanda wenyewe. Ukiona kinyago chepesi chenye mistari ya hudhurungi siku hizi, huenda ni muarubaini. Babu aliudharau kabisa. Alisema ni mti wa dawa, wa kunywa, si wa kuchonga.

Fundi alinishauri mwembe. Nilikuwa karibu kukubali, halafu nikakumbuka stoo ya susu.

Babu alipofariki aliacha twiga mmoja ambaye hakumaliza. Muhugu mtupu, kichwa kimetoka, shingo imetoka, miguu bado ni gogo. Amekaa kwenye stoo Wamunyu na jembe na mitungi miaka yote hii. Nilipanda gari Jumamosi nikaenda kumuuliza susu kama naweza kukata kipande cha huko chini, ambako hakuna kitu kilichochongwa. Nilitegemea anitimue. Alinyamaza muda, akaendelea kuchambua pojo zake. Halafu akauliza, "Itaandika?"

Nikasema itaandika.

"Basi kata. Shingo usiguse."

Kutengeneza kalamu si kama nilivyodhani. Unakata kipande mraba, unakigawa viwili, halafu unatoboa katikati kwa keekee ya milimita saba, polepole, unaitoa kila mara ipoe. Mimi nilikimbia. Cha kwanza kikapasuka tii, na moyo wangu nao. Fundi hakusema kitu, alinipa tu kipande cha mwembe akaniambia nitoboe mashimo kumi kwanza. Nikatoboa kumi na mawili. Ndio akaniruhusu kurudi kwa muhugu.

Ukishatoboa unapitisha mrija wa shaba ndani na gundi, unasubiri ishike, unasawazisha ncha zote mbili, unavalisha vipande kwenye ufito wa chuma na kufunga kwenye mashine. Halafu ndio unakereza. Patasi ikigusa tu, ile harufu ya muhugu ikatoka. Sikuwa nimejiandaa. Ni harufu ya nguo za babu, ile iliyokuwa kwa koti lake hata akitoka kuoga. Nikajifanya vumbi limeingia macho, na fundi akajifanya ameamini.

Nilikereza zaidi ya saa mbili kitu ambacho yeye angemaliza kwa dakika ishirini. Msasa mara tano, kuanzia ule mkali hadi ule laini kama karatasi, halafu nta huku mashine ikizunguka. Kuunganisha mwisho ni kubana tu, ncha huku, klipu kule, wino ndani. Fundi alinitoza 500 za mashine. Mirija na ncha niliagiza nje, na hapo siwezi kudanganya mtu: chuma chote si chetu. Ila mbao najua imekatwa na nani, imenunuliwa na nani, na ilikaa wapi. Mkiuziwa kalamu ya "mbao ngumu ya Afrika" na mwenye duka hawezi kutaja mti, wekeni pesa zenu mfukoni.

Si nzuri sana, nikiwa mkweli. Upande mmoja ni mnene kidogo na pete haijakaa sawa. Dada ameitumia muhula mzima kuita majina asubuhi, na anasema watoto wanagombania kuinusa.

Lile twiga bado lina mbao ya kalamu moja, ukiacha shingo. Nilipomwambia susu, alisema hiyo ni yake. Nikamuuliza ataandika nini, maana jina lake lote hajui kuliandika. Akasema jina hana haja nalo, atafanyia mazoezi ile namba ya babu. Hiyo anaijua tayari, aliiona chini ya twiga wote.